Shule Haichaguliwi Desemba

Msikilizaji, wiki iliyo kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, Moshi huwa mji mwingine. Mabasi ya Dar es Salaam yanashusha watu stendi mchana na usiku, Noah za kupanda Marangu, Mwika na Rombo hazina hata pa kuweka kikapu, na huko juu mlimani, Kibosho, Uru, Machame, kila nyumba inafuka moshi na kunukia nyama. Wachagga wamerudi nyumbani. Mbuzi ameshachinjwa, mbege, pombe ya ndizi, imeiva, na watu wakishashiba viti vinasogezwa migombani, kikao cha ukoo kinaanza. Linaanza suala la mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Linafuata kaburi la babu ambalo bado halijajengewa. Halafu, jua likielekea kuzama, linakuja la watoto: huyu aliyemaliza la saba aende wapi Januari?

Shangazi aliyetoka Mbezi anaitaja shule ambayo mtoto wa jirani yake alipata daraja la kwanza. Baba mdogo wa Arusha anaikataa; yeye ameona mabasi ya shule nyingine, mapya, ya njano, yana mikanda. Mama wa mtoto hasemi sana, kwa sababu ada watachanga wengine. Kufikia giza mtoto ana shule. Pale kikaoni hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga ndani ya geti la shule hiyo, na hata angetaka kwenda kesho yake asubuhi angemkuta mlinzi, na mbuzi wanaokula majani ya uwanja wa mpira. Shule zimefungwa. Jambo litakalokula fedha za familia kwa miaka minne limeamuliwa katika mwezi ambao shule haina la kuonyesha zaidi ya rangi ya ukuta.

Ajabu ni kwamba watu wa mlima huu walianza kupanga habari za shule zamani sana.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893, na tangu hapo kanisa na darasa vikaenda pamoja. Ukizaliwa Machame au Marangu, kwa kawaida ulisoma kwa Walutheri. Ukizaliwa Kilema, Kibosho au Rombo, ulisoma kwa mapadre. Mzazi wa enzi hizo hakuchagua shule. Alichagua mtoto: nani aende darasani, nani abaki na ng'ombe.

Na katika kuchagua mtoto, kihamba kilikuwa na neno lake. Kwa desturi, kijana wa kwanza hutengewa kihamba, na kitinda mimba hubaki na nyumba ya baba. Wa katikati je? Ardhi ya mlimani haiongezeki, wala huwezi kuipasua bila kufika siku ambayo kila mmoja anamiliki migomba mitano na mzozo. Aliyezaliwa katikati alihitaji njia nyingine ya kula, na kwa familia nyingi njia hiyo ikawa shule au duka. Wasichana, ambao kwenye ardhi hawakuhesabiwa kabisa, walichelewa kuhesabiwa hata shuleni. Walipohesabiwa yakazuka majina ya shule ambayo bibi wengi wa mlimani huyataja mpaka leo huku wakinyoosha mgongo: Ashira, Machame, na Weruweru ya Mama Maria Kamm.

Ada ilitoka kwenye kahawa. Wakulima walianza na chama cha KNPA mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, ushirika ulioifanya kahawa ya Kilimanjaro iuzwe kwa sauti moja. Kahawa haina haraka. Mibuni inatoa maua, matunda yanaiva, yanachumwa kuanzia katikati ya mwaka, yanakobolewa, yanaoshwa, yanaanikwa, yanapelekwa chama cha msingi, na malipo yanakuja kwa awamu. Mzee aliyekuwa na mtoto wa kumpeleka sekondari alitembea chini ya mibuni yenye maua akajua mapema kama Januari itakuwa nyepesi au nzito, na kama itakuwa nzito, alijua ni ndama gani wa kuuza. Kahawa ilikuwa kalenda yake ya ada.

Baadaye serikali ilizichukua shule za misheni, kwa sheria ya mwaka 1969, na nafasi za sekondari zikagawanywa kwa mikoa ili hata sehemu zilizoachwa nyuma na wamisionari zipate fungu lao. Kwa taifa lilikuwa jambo la haki. Kwa mzazi wa Kirua Vunjo ambaye mwanawe alipata alama nzuri akabaki nyumbani, lilikuwa jambo gumu kumeza. Watu wa Kilimanjaro hawakulalamika tu, walifyatua matofali. Makanisa, wazazi na jumuiya za vijiji walijenga sekondari zao, na kufikia miaka ya 1980 mkoa huu ulikuwa umeipita mikoa mingine kwa wingi wa sekondari zisizo za serikali. Mtafiti Joel Samoff aliandika kuhusu jambo hilo mwaka 1987, akionyesha namna juhudi za wazazi zilivyosukuma sera ya taifa.

Halafu mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya kahawa yakavunjika na bei ikaanguka. Wapo waliong'oa mibuni wakapanda nyanya na mahindi. Ada ikahamia kwingine: kwenye mtumba wa Kiboriloni, kwenye ndizi za soko la Mbuyuni, kwenye mshahara wa kijana aliye Dar. Leo pesa inaingia kwenye simu dakika yoyote, na pengine ndiyo maana uamuzi nao unangoja dakika ya mwisho. Kahawa ilipoondoka iliondoka na kalenda yake, na hakuna aliyetengeneza nyingine.

Sasa ipo Januari moja ambayo mzazi akiipuuza itamkamata pabaya. Ni Januari ya mwaka 2028.

Hesabu yake ni nyepesi, chukua kalamu. Sera ya elimu ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima kuwa miaka kumi, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la awali, la kwanza na la tatu. Mtoto aliyekuwa la tatu mwaka huo anamaliza akiwa la sita, mwaka 2027. Kaka yake aliyekuwa la nne mwaka huohuo yumo kwenye mfumo wa zamani. Anamaliza la saba, mwaka uleule wa 2027. Madarasa mawili yanatoka pamoja na yanabisha hodi kidato cha kwanza pamoja.

Serikali italazimika kutafuta vyumba na walimu kwa mafungu hayo mawili, maana elimu bila ada, iliyoanza kufika kidato cha nne mwaka 2016, haichagui mtoto. Lakini shule ya bweni yenye vitanda 80 vya kidato cha kwanza haitapata 160 kwa sababu sera imebadilika. Mzazi mwenye mtoto katika kundi hilo, na ambaye moyo wake uko kwenye seminari fulani au kwenye shule fulani ya masista, akisubiri kikao cha migombani Desemba 2027 atakuta foleni imeshafungwa. Shule nyingi za binafsi hufanya usaili mtoto angali darasani, au wiki chache tu baada ya mtihani wa Septemba. Fomu huwa zimekwishatoka zamani, shuleni na mara nyingine kwenye ofisi za parokia na usharika. Na kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana: mtoto wa mfumo mpya ataondoka nyumbani akiwa mdogo kwa mwaka mzima. Miaka 12 hivi, wengine 11. Huyo ni mtoto ambaye bado anaamshwa usiku aende chooni.

Tuje kwenye matokeo, maana ndiko wazazi wengi wanakoanzia. Kuanzia huko si kosa, ila wanayasoma nusu. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani lilitangaza shule kumi bora, na mzazi akaamini orodha ile kama alivyoamini bei ya kahawa ubaoni. Januari 2023, lilipokuwa likitangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Baraza liliacha kuitaja orodha hiyo. Wapo walionuna. Mazungumzo haya yanaona afadhali, kwa sababu orodha ilionyesha waliofika na kuwaficha walioangukia njiani.

Walioangukia njiani wanaonekana, ukitaka. Matokeo ya kila shule yapo kwenye tovuti ya Baraza, namba kwa namba. Fungua ya kidato cha pili ya mwaka 2022 ya shule unayoitaka, uhesabu watahiniwa. Kisha fungua ya kidato cha nne ya mwaka 2024 ya shule hiyohiyo, maana ni watoto walewale. Tuseme kidato cha pili walikuwa 110 na kidato cha nne wako 74. Watoto 36 hawakuyeyuka. Wengine walihama na wazazi wao, hilo hutokea. Lakini pengo la namna hiyo likijirudia kila mwaka, ujue kuna mtu anachuja. Mtoto asiyefikia wastani wa shule anakaririshwa au anaombwa kistaarabu atafute kwingine, ili siku ya matokeo daraja la kwanza lijae. Wizara imelikemea jambo hilo zaidi ya mara moja. Swali la kumuuliza mkuu wa shule, basi, ni jepesi, na uso wake ukijibu kabla ya mdomo, umeshajibiwa: mtoto akifeli kidato cha pili hapa kwenu, mnamfanyia nini?

Madaraja nayo yana siri. Daraja la kwanza ni kuanzia pointi 7 hadi 17, na aliyepata 7 na aliyepata 17 wote wanaandikwa daraja la kwanza. Halafu, seminari inayochukua watoto wenye A tupu na kutoa watoto wenye A tupu imefanya kazi nzuri, hapana ubishi, ila imefanya kazi juu ya msingi uliokwishajengwa. Shule ya kata iliyopokea yeyote aliyeletwa, na ikawavusha wengi wao kwa daraja la pili na la tatu, huenda ina mwalimu wa hesabu ambaye ungemfuata hata Same.

Kuna mzazi atakayesema, kwa nini tusimalize jambo mapema, mtoto aende bweni tangu chekechea? Njia hiyo imezibwa. Machi 2023 Kamishna wa Elimu alipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wafanyabiashara wa Moshi wanaoshinda barabarani kati ya Holili na Dar walilia kidogo, na kilio chao kina ukweli wake. Lakini mtoto wa miaka sita anayekunjiwa shuka na matroni mwenye watoto wengine 50 naye alikuwa akilia, tena usiku.

Kwa wakubwa bweni lipo, nalo lina ukaguzi wake. Mkoa huu haupaswi kusahau sekondari ya Shauritanga, Rombo, ambako usiku mmoja wa Juni 1994 moto uliteketeza bweni na kuua wasichana zaidi ya 40. Mzazi anayetembezwa shule huonyeshwa maabara na kompyuta. Aombe kuonyeshwa bweni, aingie mpaka ndani, asiishie mlangoni. Ahesabu milango, kama ni mmoja au miwili. Milango inafunguka kuelekea nje au ndani? Dirisha lenye nondo linafunguka upande wowote, au ni ukuta wenye vishimo? Usiku ufunguo unakaa kwa nani, na huyo analala wapi? Godoro liko umbali gani na soketi? Shule nzuri haikasiriki kwa maswali haya, inajivunia kuyajibu.

Wa kutwa nao wana shida yao, nayo inaitwa mlima. Kwenye ramani, Kibosho na mjini ni karibu kama mkono na mdomo. Kwa basi la shule linalozunguka kukusanya watoto kihamba hadi kihamba, wa kwanza kuchukuliwa anapanda saa kumi na moja na nusu alfajiri na wa mwisho saa moja kasoro. Yule wa kwanza analala njiani, anafika darasani amechoka, na jioni anakuwa wa mwisho kushuka. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ukungu unashuka mpaka huoni taa za gari lililo mbele, na barabara za vumbi zinakuwa uji. Muulize dereva anapita njia gani mvua ikinyesha. Dereva anajua shule kuliko kipeperushi.

Fedha. Ada ya mwaka wa kwanza ndiyo inayojadiliwa kwenye kikao, na ndiyo ndogo kuliko zote. Tuseme ingilishi midiamu fulani inatoza shilingi 1,800,000 kwa mwaka. Awali mwaka mmoja na msingi miaka sita ni 12,600,000, hapo ada haijapanda hata senti, basi halijalipwa, sare haijabana, na mdogo wake hajazaliwa. Kisha inakuja sekondari, na orodha ya vitu vya kwenda navyo: tranka, godoro, ndoo, shuka jozi mbili, jembe au fyekeo, rimu ya karatasi. Familia inayoishiwa fedha katikati humtoa mtoto darasa la nne au la tano na kumpeleka shule ya serikali, akabadilishe lugha ya masomo mtihani ukiwa karibu. Huo ndio uhamisho mbaya kuliko wote. Kama mfuko unatosha miaka saba tu, ni heri kuamua mapema itakuwa saba ipi.

Na shule ya serikali si adhabu. Mama anayeuza ndizi Mbuyuni, ambaye mtoto wake anasoma shule ya msingi iliyo dakika kumi kwa miguu, anaweza kutenga kila wiki kile ambacho angelipa ingilishi midiamu, akiweke kwenye kikundi au benki, mtoto afike kidato cha kwanza akiwa na akiba. Anachopaswa kukishughulikia tangu la tatu au la nne ni Kiingereza, kwa sababu sekondari lugha inageuka ghafla na kuna watoto werevu wanaonyamaza darasani mwaka mzima. Vitabu vya hadithi vya mtumba si ghali. Na mwalimu wa Kiingereza wa shule hiyohiyo anafahamika nyumba yake.

Mara nyingine mtoto mwenyewe ndiye anayeamua, bila kuulizwa. Asiyeona vizuri ana Mwereni pale mjini, shule ya msingi inayowasomesha pamoja watoto wasioona na wanaoona. Yule anayefungua kila redio ya nyumbani na kuifunga tena ikiwa inalia, sekondari sasa ina mkondo wa amali uliokuja na mtaala mpya, na baba anayeona amali ni ya walioshindwa aende akaulize fundi umeme wa mjini analipwa kiasi gani kwa siku. Mwenye pumu aangaliziwe hali ya hewa pia: bweni la Marangu mwezi wa saba si bweni la Himo.

Halafu kuna la usajili, fupi. Kila shule ina namba yake ya usajili. Isiyobandikwa ofisini iulizwe, na ikisitasita, afisa elimu kata atasema.

Kikao cha migombani kisifutwe. Kina faida, watu wanachanga, na mtoto anajua ukoo mzima umemtaja jina. Lakini Desemba kiwe cha kupokea taarifa. Mmoja wenu awe ameshakwenda shuleni, siku ya kazi, mwezi wa tano, mvua ikinyesha, bila kupiga simu kwanza. Afike saa nne, wakati wa uji. Aangalie walimu wangapi wako darasani na wangapi wako kantini, apite jikoni, apite vyooni, asimame nje ya dirisha la kidato cha kwanza dakika tano asikilize nani anaongea. Akimaliza amsalimie mlinzi getini, amuulize kama walimu wa mwaka juzi bado wapo. Shule hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa, na Noah ya kwanza ya kushuka mjini huondoka alfajiri.